UMRI UNAOFAA KUMHASI MBWA WA UMBO DOGO
Maelezo kwa watumishi walioko Dodoma na wakaazi wote wanaofuga mbwa

Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ulichukuliwa mwaka 1973, na kuanzia mwaka 2016 Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilianza kuhamishia huko shughuli zake kwa kasi. Miongoni mwa watumishi waliohamia ni wananchi wa Unguja na Pemba wanaofanya kazi katika taasisi za Muungano. Wengi wao wamepata makaazi katika maeneo mapya kama Kisasa, Iyumbu, Nkuhungu na Ihumwa, ambako nyumba zimejengwa kwa kupeana nafasi, viwanja ni vipana na usiku huwa kimya. Kutokana na hali hiyo, baadhi yao wameona haja ya kufuga mbwa wa kuwaamsha pale mgeni asiyetarajiwa anapokaribia ukuta, na si wachache waliochagua mbwa wa umbo dogo, ambaye chakula chake ni kidogo na hawatishi watoto.

Baada ya miezi michache ya kumlea mnyama huyo, mfugaji hufikiwa na suala moja ambalo hakulitarajia: je, ahasiwe? Na kama ahasiwe, ni katika umri gani? Majibu anayoyapata hupingana. Muuzaji humwambia kuwa angeweza kuhasiwa tangu akiwa na wiki nane. Jirani humshauri amwache jike azae japo mara moja. Mwingine, ambaye amesoma habari za mbwa wakubwa wa ulinzi, humwonya asithubutu kabla mbwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Maelezo haya yametayarishwa ili kumsaidia mfugaji kuyapima maneno hayo na kufikia uamuzi sahihi akiwa pamoja na daktari wa mifugo.

Inafahamika kwamba katika jamii ya Visiwani wapo wengi wanaojiepusha na mbwa kwa ajili ya tohara zao, na wanaofuga huwa wamemtengea mahali pake nje ya nyumba. Wale wanaotaka kujua hukumu ya dini kuhusu kuhasi wanyama wanashauriwa kuwauliza masheikh, kwani suala hilo lina wenyewe. Maelezo haya yanahusu upande wa utaalamu wa afya ya wanyama tu.

MAANA YA KUHASI

Kuhasi si jambo geni katika nyanda za kati. Wafugaji wa Kigogo wamekuwa wakihasi madume ya ng'ombe na mbuzi tangu zamani, na kila anayepita minadani hulijua tofauti ya fahali na maksai. Aidha, Mpwapwa, iliyomo katika Mkoa wa Dodoma, ni mojawapo ya vituo vya mwanzo vya utafiti wa mifugo hapa nchini, ambavyo historia yake inaanzia zama za utawala wa Kijerumani. Hata hivyo, mfugaji asidhani kuwa kumhasi mbwa ni sawa na kumhasi ndama. Koleo la kuhasia ng'ombe na pete ya mpira inayotumika kwa mbuzi havifai kabisa kutumiwa kwa mbwa. Vifaa hivyo humtesa, huozesha nyama na huweza kumuua.

Kwa mbwa dume, kuhasi ni kuondoa korodani zote mbili kwa upasuaji. Kwa mbwa jike, ni kufungua tumbo na kuondoa ovari, na mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Kazi zote mbili hufanywa mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, yaani nusu kaputi, na hupewa dawa za kutuliza maumivu. Upasuaji wa jike ni mkubwa zaidi kuliko wa dume, na ndiyo maana uamuzi wa umri wake unahitaji uangalifu zaidi.

KWA NINI UMBO LA MBWA LINABADILI JIBU

Chanzo cha mkanganyiko ni kuwa watu huzungumzia mbwa kana kwamba wote ni wa namna moja. Mbwa mkubwa wa ulinzi anaweza kuendelea kukua mpaka umri wa mwaka mmoja na nusu au zaidi, ilhali mbwa mdogo hukamilisha ukuaji wa mifupa yake akiwa na miezi minane hadi kumi na miwili. Homoni zinazotoka katika korodani na ovari zina kazi ya kuiarifu mifupa wakati wa kusita kukua. Zikiondolewa mapema, mifupa ya miguu huendelea kurefuka kidogo kupita kiasi chake. Kwa mbwa mzito jambo hilo huweza kuviathiri viungo vya goti, nyonga na kiwiko. Kwa mbwa mwepesi, mzigo unaobebwa na viungo hivyo ni mdogo, na athari hiyo haionekani kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, walichapisha mwaka 2020 matokeo ya uchunguzi wao juu ya aina 35 za mbwa, na vile vile juu ya mbwa wa mchanganyiko waliopangwa kwa uzito. Ilidhihirika kuwa mbwa wa mchanganyiko ambao uzito wao wa utu uzima ulifikia kilo 20 au zaidi walipata maradhi ya viungo kwa wingi zaidi walipohasiwa kabla ya mwaka mmoja. Kwa waliokuwa chini ya uzito huo, ongezeko kama hilo halikuonekana. Mwaka 2019, jumuiya ya hospitali za wanyama ya Marekani nayo ilitoa mwongozo uliofuata mstari huo huo: dume wa umbo dogo ahasiwe akiwa na miezi sita, na jike wa umbo dogo ahasiwe kabla ya joto lake la kwanza, yaani katika umri wa miezi mitano hadi sita. Kwa madume wa umbo kubwa mwongozo huo unashauri kusubiri mpaka ukuaji ukamilike.

Hivyo basi, aliyemwonya mwenzake asubiri mwaka mmoja na nusu hakusema uongo. Alichokisema kinamhusu mbwa wa aina nyingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mbwa wengi wanaouzwa Dodoma kwa jina la mbwa wadogo ni mchanganyiko, na asili ya baba mara nyingi haijulikani. Kwa sababu hiyo, mfugaji asitegemee jina alilotajiwa na muuzaji. Amtazame mama ikiwezekana, ampime mtoto uzito kila mwezi, na amwombe daktari akadirie uzito atakaoufikia. Ikiwa inatarajiwa atapita kilo 20, kanuni ya mbwa mdogo haimhusu tena.

JIKE: HESABU YA JOTO LA KWANZA

Kwa mbwa jike wa umbo dogo, joto la kwanza huja mara nyingi kati ya miezi sita na minane, na wapo wanaolipata wakiwa na miezi mitano. Dalili zake ni kuvimba kwa uke, kutokwa na damu kidogo, na kufuatwafuatwa na madume. Hali hiyo huchukua takriban wiki tatu. Wafugaji wengi hudhani kuwa hatari huwapo wakati damu inatoka, kisha hulegeza ulinzi damu inapokaribia kukoma. Kwa hakika, huo ndio wakati ambao jike huanza kumkubali dume.

Sababu za kuhasi kabla ya joto hilo ni tatu.

Sababu ya kwanza ni uvimbe wa chuchu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1969 huko Marekani ulionesha kuwa jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza alikuwa na hatari ndogo sana ya kupata saratani ya chuchu, nayo ni asilimia 0.5 ya ile ya jike asiyehasiwa. Baada ya joto la kwanza ilifikia asilimia 8, na baada ya joto la pili asilimia 26. Ni haki kueleza pia kwamba wataalamu waliopitia upya tafiti za namna hiyo mwaka 2012 walisema kuwa ushahidi wake hauna nguvu kubwa kama ilivyodhaniwa. Kwa hiyo tarakimu hizo zichukuliwe kuwa dalili ya mwelekeo, na zisichukuliwe kuwa ahadi.

Sababu ya pili ni usaha katika mfuko wa uzazi. Maradhi haya huwapata majike wasiohasiwa, hasa wenye umri mkubwa, wiki chache baada ya joto kupita. Mnyama hukosa hamu ya kula, hunywa maji mengi, hulegea, na asipopasuliwa kwa haraka hufa. Kumbukumbu za bima ya mbwa nchini Sweden zimeonesha kuwa takriban robo ya majike huko hupatwa na maradhi hayo kabla ya kutimiza miaka kumi. Jike aliyeondolewa mfuko wa uzazi na ovari hana pa kuyapatia.

Sababu ya tatu ndiyo inayowagusa zaidi wakaazi wa Dodoma. Mbwa wengi wa mitaani na wa majirani ni wakubwa kuliko kijibwa cha kilo nne au tano kilichomo uani. Jike huyo mdogo akipandwa na dume mkubwa, watoto wanaweza kuwa wakubwa kuliko njia yake ya kuzalia. Atashindwa kuzaa, na mfugaji atalazimika kutafuta daktari wa kumpasua usiku wa manane. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, muda ambao ni mfupi kwa mtu asiyejua kuwa mbwa wake amepandwa.

Ama kuhusu ushauri wa kumwacha jike azae mara moja ili atulie au awe na afya, hakuna msingi wa kitaalamu. Joto moja au uzazi mmoja haumwongezei jike afya wala tabia njema. Unamwongezea mfugaji watoto wanne au watano wa kuwatafutia makaazi.

Lakini kuhasi mapema mno nako kuna hasara zake. Jike aliyehasiwa akiwa na umri wa chini ya miezi mitatu huwa katika hatari zaidi ya kushindwa kuzuia mkojo baadaye, ingawa tatizo hilo huwapata zaidi mbwa wakubwa. Ni kweli kuwa huko Marekani vituo vinavyotunza mbwa waliotupwa huwahasi watoto wa wiki nane, ili wasitoke vituoni wakiwa na uwezo wa kuzaa. Vituo hivyo vina vifaa vya kumtia joto mnyama na vya kufuatilia pumzi yake, na vina wahudumu waliozoea kazi hiyo. Mtoto wa mbwa wa umbo dogo mwenye wiki nane anaweza kuwa na uzito usiofikia kilo moja. Hupoteza joto la mwili upesi, na sukari ya damu yake hushuka akikaa na njaa. Kinachofaa katika kituo cha namna hiyo hakina ulazima wa kufaa kwa mfugaji mwenye mbwa mmoja, anayeweza kumfungia na kumsubiri.

DUME: PANA NAFASI YA KUSUBIRI

Kwa dume wa umbo dogo, umri wa miezi sita unatosha, na mfugaji anayeweza kumdhibiti hapati hasara akisubiri mpaka mwaka mmoja. Hakuna kwake jambo la haraka kama joto la kwanza la jike. Kuhasi humwondolea uwezekano wa saratani ya korodani na humpunguzia maradhi ya tezi dume ya uzeeni. Aidha, humpunguzia hamu ya kutoroka kufuata majike, na mbwa asiyetoroka hagongwi na gari wala hapigani ovyo.

Mfugaji asitarajie zaidi ya hayo. Kuhasi hakumfunzi mbwa adabu. Mbwa anayebweka kwa woga au kuuma kwa sababu alipigwa akiwa mdogo ataendelea na tabia hiyo, na wapo wanaozidi kuwa na woga. Vile vile, hofu kuwa mbwa aliyehasiwa hawezi tena kulinda haina msingi, kwani kubweka anaposikia mgeni hakutegemei korodani.

Kabla ya kumhasi dume, daktari ahakikishe kuwa korodani zote mbili zimeshuka. Kwa kawaida hushuka akiwa na umri wa miezi miwili hivi. Ikiwa moja bado haijaonekana kufikia miezi sita, imebaki tumboni au kinenani. Korodani ya namna hiyo ni lazima iondolewe, kwani ina hatari kubwa zaidi ya kugeuka saratani, na upasuaji wake ni mkubwa zaidi. Ifahamike pia kuwa dume aliyehasiwa leo anaweza bado kumtia jike mimba kwa wiki kadhaa. Atengwe kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi.

WANAOHITAJI USHAURI WA PEKEE

Mbwa wenye mgongo mrefu na miguu mifupi, kama Dachshund, wana udhaifu wa asili katika uti wa mgongo, na wapo wataalamu wanaoshauri wasihasiwe kabla ya mwaka mmoja. Mbwa wenye pua fupi, kama Pekingese, hupata shida ya pumzi wanapolazwa, hivyo wanahitaji daktari mzoefu na uangalizi mpaka wazinduke kabisa. Mbwa wadogo sana mara nyingi hubakiwa na meno ya utotoni wakati meno ya kudumu yameshaota. Kwa kuwa meno hayo hubadilishwa kufikia miezi sita hivi, daktari anaweza kuyang'oa katika usingizi ule ule wa kuhasiwa, na mnyama akaepushwa kulazwa mara mbili. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuona umri wa miezi sita kuwa wakati mwafaka.

Jike ambaye joto limeshamfika asipelekwe kuhasiwa siku zile zile. Mishipa ya damu ya uzazi huwa imejaa, na upasuaji huwa na damu nyingi. Afungiwe ndani kwa wiki zote tatu, kisha asubiriwe miezi miwili hadi mitatu.

RATIBA KWA HALI YA HEWA YA DODOMA

Na ichukuliwe mfano wa mtumishi wa Nkuhungu aliyepata mtoto jike wa umbo dogo, aliyezaliwa mwanzoni mwa Januari. Chanjo za parvo na distempa huanza anapofikia wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikie wiki 16, yaani mwishoni mwa Aprili. Chanjo ya kichaa cha mbwa hupewa akifikisha miezi mitatu, yaani Aprili. Dawa za minyoo huendelea katika kipindi chote hicho. Mwezi Mei apelekwe kupimwa uzito, moyo na damu ikiwezekana, kwani kupe ni wengi na huambukiza maradhi yanayopunguza damu. Upasuaji ufanyike mwezi Juni, akiwa na miezi mitano kamili.

Mwezi huo una manufaa na matatizo yake. Mvua za Dodoma, ambazo huanza Novemba au Disemba, huwa zimekwisha tangu Aprili. Matope hayapo na nzi wamepungua, hivyo kidonda hukauka vizuri. Lakini usiku wa Juni na Julai katika uwanda huo, ulio juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ni wa baridi, na upepo hutimua vumbi jekundu. Mbwa mdogo aliyetoka katika nusu kaputi asilazwe kibarazani. Awekwe mahali pasipo upepo, juu ya gunia safi au blanketi kuukuu, na akaguliwe usiku.

Kabla ya upasuaji, mfugaji amuulize daktari muda wa kumzuia asile. Mtoto mdogo sana asishindishwe na njaa usiku kucha kama afanyiwavyo mbwa mkubwa. Baada ya upasuaji azuiwe kuruka na kukimbia kwa siku 10 hadi 14, asiogeshwe, na avishwe kola pana shingoni ili asilambe nyuzi. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha au kikifunguka, arejeshwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Baada ya kupona, chakula chake kipunguzwe kwa takriban robo na atembezwe kila siku, kwa sababu mbwa aliyehasiwa hunenepa kwa urahisi, na unene ndio unaomharibia magoti mbwa mdogo.

Mwenye kufanya kazi hiyo awe daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawalinda wanyama dhidi ya kuteswa. Mfugaji aanzie ofisi ya mifugo ya halmashauri yake, na aulize bila haya: dawa gani ya usingizi itatumika, dawa gani ya maumivu atapewa, na nani atamwangalia mpaka azinduke. Asiyepata majibu hayo na asubiri mpaka ampate daktari wa kuyajibu. Kwa tatizo lililo gumu, Hospitali ya Wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, mwendo wa takriban kilomita 260.

KUHASI HAKUCHUKUI NAFASI YA CHANJO

Wapo wanaodhani kuwa mbwa aliyehasiwa hapati kichaa cha mbwa. Dhana hiyo ni ya hatari. Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo peke yake, na mbwa aliyehasiwa bila kuchanjwa akiumwa na mgonjwa naye huugua na kuambukiza. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukose pa kupita. Mchango wa kuhasi ni kupunguza watoto wanaozaliwa bila mwenyewe, ambao hutupwa makorongoni na majalalani, wakakua bila chanjo.

Kwa wananchi wa Visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Uchunguzi uliofanyika kisiwani Pemba kati ya mwaka 2010 na 2020 ulionesha kuwa ugonjwa huo ulidhibitiwa kwa kuchanja mbwa, ukarejea baada ya chanjo kulegea, na ukaondolewa tena mwaka 2018. Bahari haikuuzuia kurejea, kwani mbwa husafirishwa. Hivyo mtumishi anayetaka kurudi nyumbani na mbwa aliyemfuga Dodoma asimpakie kwenye boti kama mzigo. Mambo ya mifugo si ya Muungano, na Zanzibar ina mamlaka yake. Aulizie kwanza kibali katika Idara ya Maendeleo ya Mifugo, na awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mtu yeyote atakayeumwa na mbwa, awe wa kwake au wa jirani, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja kupata chanjo. Asisubiri dalili, kwani zikishaonekana hakuna tiba.

MUHTASARI

Kwa muhtasari, mfugaji wa mbwa wa umbo dogo anashauriwa kama ifuatavyo:

1. Jike ahasiwe akiwa na miezi mitano hadi sita, kabla ya joto la kwanza, ikiwa ana afya na amemaliza chanjo zake.
2. Dume ahasiwe kuanzia miezi sita. Akidhibitiwa vyema, anaweza kusubiriwa hadi mwaka mmoja.
3. Mbwa anayetarajiwa kufikia kilo 20 au zaidi, na mbwa wa mgongo mrefu, asubiriwe kwa ushauri wa daktari.
4. Jike aliyekwisha kuingia joto afungiwe, kisha asubiriwe miezi miwili hadi mitatu.
5. Chanjo ya kichaa cha mbwa itangulie, na irudiwe kwa wakati.

Wahenga wamesema haraka haraka haina baraka, na wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mbwa mdogo, kati ya misemo hiyo miwili ipo nafasi ya wiki chache tu. Mfugaji mwenye jike wa miezi minne anaombwa aanze kumtafuta daktari sasa, asingoje mpaka madume ya mtaa yaanze kulala nje ya geti lake.